Malkia Wetu Hawakuja na Meli za Wazungu

Juzi baada ya swala ya alasiri tulikuwa tumekaa barazani kama ilivyo ada yetu, vikombe vya kahawa mikononi na haluwa sahanini. Mazungumzo yakafika kwenye siasa, kwani siku hizi hayana pengine pa kufika. Kulikuwa na habari ya mama mmoja wa mtaa wetu aliyeazimia kugombea udiwani. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake na elimu yake, akatikisa kichwa akasema: "Haya ya kutawaliwa na wanawake sisi hatukuyajua. Yaliletwa na meli za Wazungu." Watu wakamwitikia, wengine kwa kauli na wengine kwa kunyamaza. Mimi nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Sikunyamaza kwa kukubali. Nilinyamaza kwa sababu jibu halikuwa karibu na ulimi. Mtu aliyetiwa chuoni angali mdogo, akahitimu Msahafu, kisha akaishi kwa kalamu miaka yote hii, alikuwa hana jibu! Nikainuka, nikaenda zangu nyumbani na kadhia ile ikinisumbua moyoni.

Nyumbani nako nikakuta jambo la pili. Mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa amepewa kazi na mwalimu wake aandike nasaba ya kwao. Akafungua sanduku langu, akatoa daftari nililoliandika nilipokuwa kijana wa miaka ishirini: fulani bin fulani bin fulani, mpaka babu wa saba. Akayasoma majina yote kwa kidole, kisha akaniinulia macho: "Babu, hawa wote ni wanaume. Walizaana wao kwa wao?"

Nilicheka, na kicheko kikanikwama kooni. Kweli, katika majina yote yale hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Hata mamangu mzazi, aliyeninunulia daftari lile kwa pesa za vitumbua, hakuwamo.

Msomaji wangu, mambo haya mawili nimeyapima usiku kucha nikaona ni jambo moja. Mzee wa barazani hakusema uongo kwa kukusudia. Alisema alilolikuta limeandikwa, na waandishi wake walikuwa watu kama mimi. Basi leo nataka kulipa deni langu. Nitawataja baadhi ya wanawake walioshika enzi, walioshika silaha na walioshika usukani wa ndege, na aghalabu nitawachukua kutoka nyumbani kwetu na kwa ndugu zetu Waislamu, ili pasiwe na mwenye kusema kuwa nimewaokota Ulaya.

MALKIA WA SABAA

Tuanze pasipokuwa na mwenye kubisha. Kila aliyesoma Suratun Naml anakijua kisa cha ndege hudhud aliyemletea Nabii Suleiman, amani iwe juu yake, habari za mwanamke anayewatawala watu wa Sabaa, aliyepewa kila kitu na mwenye kiti kitukufu cha enzi. Barua ya Nabii ilipomfikia, malkia yule hakuamua peke yake. Aliwakusanya wakuu wake akawataka shauri. Wao wakajitapia nguvu zao za vita, kisha wakamwachia amri. Yeye ndiye aliyeona mbali kuliko majemadari wake: aliwakumbusha kuwa wafalme wakiingia mji kwa vita huuharibu, na waheshimiwa wake huwafanya madhalili. Akapeleka zawadi ili kumpima mwenziwe. Mwisho wa kisa akasilimu pamoja na Suleiman kwa Mola wa walimwengu.

Wafasiri humwita Bilkis. Msahafu wenyewe haukumtaja jina, kwani mwanamke aliyetajwa kwa jina lake humo ni Bi Maryam peke yake. Lakini ingawa jina halikutajwa, akili yake, shura yake na kuchukia kwake vita vimetajwa. Hudhud naye alipomlaumu alimlaumu kwa kulisujudia jua. Msomaji na airejee sura ile aisome mwenyewe kwa utulivu.

Najua yuko atakayenikumbusha hadithi ya Abu Bakra iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, juu ya Waajemi waliomtawaza binti wa Kisra. Hadithi hiyo naijua, nami sina haja ya kuipita kwa mlango wa nyuma. Wanazuoni wengi wameishika kuzuia uongozi mkuu wa dola kwa mwanamke. Wengine wameona kuwa ilisemwa juu ya Waajemi wale na tukio lile. Imamu Abu Hanifa alimruhusu mwanamke kuwa kadhi katika baadhi ya mambo, na kwa Tabari imepokewa kauli pana zaidi ya hiyo. Mimi si kadhi wala si mufti, na kazi ya ukurasa huu si kutoa fatwa. Ninalolizungumza ni tarikh: je, walikuwako au hawakuwako?

BIBI WA JIBLA

Walikuwako. Tuvuke bahari kwanza mpaka Yemen, nchi ambayo majahazi yake yametuletea masharifu, mashekhe na wachuuzi wa kahawa kwa karne nyingi. Huko alitawala Arwa binti Ahmad, wa ukoo wa Sulayhi, walioshika madhehebu ya Kiismaili. Mumewe, Al-Mukarram, alipatwa na maradhi ya kupooza, akamkabidhi mkewe mambo ya dola. Mume akafariki, na bibi akaendelea kutawala takriban nusu karne, mpaka alipokufa mwaka 1138. Watu walimwita Assayyida Alhurra, yaani bibi aliye huru. Siku ya Ijumaa jina lake lilitajwa katika hotuba juu ya mimbari, na hiyo kwa Waislamu wa zamani ndiyo ilikuwa alama ya enzi.

Yako masimulizi mashuhuri ya namna alivyouhamisha mji mkuu. Alimwambia mumewe awakusanye watu wa Sanaa. Walipokusanyika, ukumbi ukajaa panga na mikuki. Kisha wakaenda Jibla, wakawakusanya watu wa huko, nao wakaja na kondoo, samli na ngano. Bibi Arwa akasema kuwa kukaa na watu hawa ni bora. Makao yakahamia Jibla, na msikiti aliousimamisha huko ndimo lilimo kaburi lake. Mtawala aliyechagua mji kwa kutazama samli na ngano akaacha panga, huyo alijua raia wanakula nini.

Hakuwa peke yake. Huko Delhi, Sultani Iltutmish aliwatazama wanawe wa kiume akaona hawafai, akamwachia kiti binti yake Radhiya, aliyetawala tangu 1236 hadi 1240. Misri, mwaka 1249, Shajar ad-Durr alificha kifo cha mumewe Sultani jeshi lisivunjike moyo mbele ya Wafaransa waliovamia. Wafaransa wakashindwa na mfalme wao akatekwa. Bibi akatawazwa, ingawa enzi yake haikupita miezi mitatu. Na kule Aceh, katika kisiwa cha Sumatra, walitawala wanawake wanne wakifuatana, tangu 1641 hadi 1699. Husemwa kuwa safu yao ilikatizwa na fatwa iliyotoka Makka. Nalitaja hilo pia, kwani mwenye kusimulia nusu ya habari ni sawa na aliyeficha yote.

MJI KABLA YA MVITA

Sasa turudi nyumbani. Wakati Aceh inatawaliwa na mabibi wale, pwani yetu nayo ilikuwa na wa kwake, na kabla yake walikuwako wengine.

Mombasa twauita mji wa Mvita, kwa jina la Shehe Mvita aliyeshika utawala na kusimamisha msikiti wa mawe katika kisiwa. Lakini mapokeo ya wenyeji, yale yanayohifadhiwa na Thenashara Taifa, husema kuwa kabla ya Shehe Mvita palikuwa na Mwana Mkisi. Alikuwa malkia wa zama za kabla ya Uislamu, na mji wake uliitwa Kongowea. Koo kongwe za Mombasa hujinasibisha naye. Watu wangapi leo hupanda matatu kwenda marikiti ya Kongowea kununua viazi na vitunguu, wakalitaja jina la mji wa malkia bila ya kumkumbuka malkia? Mvita tumeimba, Mvita tumeandika, na katika mashairi yangu mwenyewe sijui ni mara ngapi nimejisifu kuwa mimi ni wa Mvita. Mwana Mkisi sikupata kumpa hata kipande cha ubeti.

Pate nayo, katika orodha ya wafalme wake wa ukoo wa Nabhani, yumo Mwana Khadija, aliyetawala katika karne ya 18, tangu 1764 hadi 1773 kwa hesabu ya orodha hizo. Zama zake zilikuwa za fitina, ndugu kwa ndugu wakigombea kiti. Wako wanaosema fitina ile ilitokana na kutawala mwanamke. Basi wanieleze zile fitina nyingine za Pate, zilizotangulia na zilizofuata, zilizokuwa chini ya wanaume, zilitokana na nini?

NGOMENI

Mwishoni mwa karne ya 17 Unguja ilikuwa na Malkia Fatuma. Alitawala wakati Wareno na Waomani wanagombea pwani. Mwezi Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Mombasa, na wazee wa Mombasa ndio waliokuwa wamewaita waje kuwaondolea udhia wa Wareno. Malkia Fatuma alichagua upande mwingine. Alishirikiana na Wareno, akawapelekea chakula waliozingirwa. Ngome ilipoanguka mwezi Desemba 1698, Waomani wakamchukua mpaka Maskati, akakaa huko miaka kabla ya kurudishwa Unguja.

Sisi wa Mombasa hatuna sababu ya kumshangilia. Mababu zetu walikuwa na njaa ya kuwaona Wareno wameondoka, naye akiwalisha. Lakini simtaji ili ashangiliwe. Namtaja kwa kuwa alikuwa mtawala aliyepima nguvu za mataifa mawili makubwa, akachagua, akakosea hesabu, akalipa. Wafalme wanaume wangapi wa pwani hii walifanya hivyo hivyo, na majina yao tunayo mpaka leo?

Na ndani ya ngome ile kuna habari nyingine iliyonikosesha usingizi zaidi ya hiyo. Katikati ya mwaka 1697 tauni na maradhi viliwamaliza Wareno waliokuwamo. Jemadari wao wa mwisho akafa mwezi Agosti. Waliobaki kuilinda ngome walikuwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake wachache, wanaume Waafrika wasiofika kumi, na wanawake Waafrika kama 50. Kama 50! Kwa hesabu, wengi wa walinzi wa Ngome ya Mombasa katika wiki zile walikuwa wanawake, mpaka msaada ulipofika mwezi Septemba. Jina la Bwana Daud twalijua. Majina ya majemadari wa Kireno yameandikwa pamoja na tarehe za vifo vyao. Wale wanawake 50 ni tarakimu tu. Hatujui aliyekuwa Mnyika na aliyekuwa wa bara ya mbali, aliyekuwamo kwa hiari na aliyekuwamo kwa kulazimishwa. Siku hizi wageni hulipa kiingilio wakapigwa picha juu ya kuta zile, nami nimeandika makala kadha wa kadha juu ya mizinga yake.

Karne ya 19 ilituonyesha mwingine, jirani zetu wa Ngazija na Nzuani wanamjua vyema: Jumbe Fatima wa kisiwa cha Mwali. Baba yake, Ramanetaka, alikuwa mkuu aliyetoka Bukini. Alipokufa mwaka 1842 binti alikuwa mtoto mdogo. Wafaransa wakamwekea mlezi wa Kifaransa wamfinyange watakavyo. Alipokua akaolewa na jamaa wa Sultani wa Zanzibar, jambo lililowakera sana walezi wake. Mwaka 1865 Mfaransa mmoja aitwaye Lambert alipata mkataba wa mashamba uliompa sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa, na vita vya malkia kuirudisha ardhi ile vilimfikisha mpaka Ufaransa kwenyewe kupeleka malalamiko yake. Alifariki 1878, na kadhia ya ardhi haijesha. Wenye mashamba yasiyo na hati katika pwani yetu watamwelewa bibi huyu bila ya kufasiriwa.

KUKU NA VIFARANGA

Mwanamke wa pwani aliyesimama mbele ya Waingereza hakuwa Mwislamu wala wa ukoo wa kifalme. Alikuwa mjane wa Kigiriama, Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 Serikali ilitaka kodi ya nyumba, na ilitaka vijana wa Kigiriama waende kufanya kazi katika mashamba ya wageni na mijini. Mekatilili akazunguka vijijini na ngoma ya kifudu, watu wakimfuata. Akawakusanya Kaya Fungo, wanaume na wanawake wakala viapo vya kutotii.

Husimuliwa kuwa katika mkutano na ofisa wa Kiingereza, Champion, alikuja na kuku na vifaranga vyake. Akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Ofisa alipotia mkono, kuku akamdonoa. Basi akaambiwa kuwa akimchukua kijana wa Kigiriama yatamfika yaya haya. Katika siasa za pwani sijui hotuba fupi iliyofahamika upesi kama ile.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka uliofuata wakatoroka, wakaanza kurudi kwa miguu. Hebu fikiri, msomaji: mwanamke mtu mzima, hana ramani, hana pesa, hajui lugha za njiani, anatembea kutoka Kisii kuja pwani. Mwezi Agosti 1914 Waingereza walibomoa Kaya Fungo kwa baruti, na Wagiriama wakainuka. Mekatilili akakamatwa tena, na hakuachwa kurudi kwao mpaka 1919. Kaya haina minara wala mimbari, lakini ndugu zetu hawa wa bara tu hapa walitangulia kupigania uhuru ambao sisi tuliula baadaye.

Wala wanawake wetu wa mjini hawakuwa wamelala. Wale waliozoea kuudharau ule mchezo wa lelemama huona buibui na matarumbeta tu. Waliokuwa ndani wanajua kuwa vyama vya lelemama vya Mombasa vilikuwa serikali kamili: vyeo na daraja zake, karamu za kupandia cheo, hazina, sheria na mashindano makali. Mwanamke asiyejua kusoma aliweza kuongoza mamia. Kwa hiyo mwaka 1957, wanawake wa Kiarabu wa Mombasa waliponyimwa kura katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, hawakungoja waume zao wawasemee. Waliandika waraka wa madai, wakatia sahihi, na kura wakaipata.

JUU YA MAPIRAMIDI

Tumetoka kwenye kiti, tumepita ngomeni na kaya. Imebaki anga, na hapa nitamtaja msichana wa Cairo niliyempenda kuliko wote, kwa kuwa kisa chake kina baba ndani yake.

Lotfia El Nadi alizaliwa mwaka 1907. Baba yake alikuwa mtumishi wa matbaa ya Serikali, mtu kama sisi wa wino na karatasi, na kwa rai yake mwanamke kwake ni nyumbani. Binti akasikia kuwa pana shule ya kuruka ndege. Pesa za karo hana, na baba hawezi kumwambia. Akaomba kazi katika shule ile ile, akawa karani na mpokea simu, na mshahara ukawa ndio karo. Mamake akamficha siri. Baba akaambiwa kuwa binti anakwenda darasani, na kwa kweli darasani ndiko alikokuwa!

Septemba 1933 akapata leseni ya urubani, mwanamke wa kwanza Misri. Magazeti yakatoa picha yake, na baba akaijua habari kama walivyoijua watu wengine wote. Alighadhibika. Binti hakujibizana naye. Alimpandisha ndege, akamzungusha juu ya mji na juu ya mapiramidi. Mzee aliposhuka, ghadhabu ilikuwa imebaki huko juu, na tangu siku ile akawa msaidizi wake mkubwa. Desemba mwaka huo huo Lotfia akaingia mashindano ya kuruka baina ya Cairo na Alexandria, akawatangulia wote, lakini waamuzi wakasema hakuizunguka alama moja ya njiani, na ushindi wakamnyima. Aliendelea kuruka miaka michache mpaka alipoumia mgongo. Alifariki mwaka 2002 Cairo.

Nisije nikaonekana nawasifu wanawake kwa uanawake wao, nimtaje na Sabiha Gökçen wa Uturuki, binti wa kulea wa Atatürk, aliyekuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza duniani kurusha ndege za kivita. Uwanja mmoja wa ndege wa Istanbul una jina lake. Mwaka 1937 aliruka katika operesheni ya jeshi huko Dersim, na katika kampeni ile iliyoendelea hadi 1938 watu wa jimbo lile waliuawa kwa maelfu, wake kwa watoto wao. Bomu halijui mkono ulioliachia ni wa kike au wa kiume. Mwanamke akiweza kuongoza kama mwanamume, basi anaweza kudhulumu kama yeye pia, naye atahesabiwa kama yeye.

Nchi yetu wenyewe haikukosa marubani. Mwaka 1936 Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi, dhidi ya upepo, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Na mwaka 2014 Mkenya, Irene Koki Mutungi, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa nahodha wa ndege aina ya Boeing 787. Naye binti wa Makunduchi, Unguja, Bi Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania tarehe 19 Machi 2021, Msahafu mkononi na mtandio kichwani. Watu watampima kwa aliyoyatenda, kama wanavyopimwa wanaume. Lakini hapana atakayesema kuwa alikuja na meli ya Wazungu.

DAFTARI

Baada ya kuyakusanya haya nilikwenda kwa shangazi yangu. Umri wake umepita miaka tisini, macho hayaoni vyema, lakini zamani alikuwa mtu mkubwa katika lelemama, na sauti ya kuamrisha bado anayo. Nilimwamkia, nikakaa chini mkekani, nikatoa lile daftari. Nikamwambia: "Shangazi, nataka majina ya mabibi zetu. Mamake babu, na mamake huyo, na waliokuwa nyuma yao."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Miaka yote hii, mwanangu, kila siku waandika, na hukupata kuuliza."

Sikuwa na la kusema. Alianza kuyataja taratibu, nami nikiandika. Majina yenyewe sitayachapa gazetini, ni ya nyumba yetu. Lakini nitasema kuwa mmoja wao alijenga msikiti mdogo kwa mali yake, na kwa miaka yote tumekuwa tukiuita kwa jina la mumewe. Mwingine alipoteza mume na wana wawili kwa maradhi mwaka mmoja, akasimamia shamba na madeni mpaka akayamaliza. Mabibi wanne walirudi katika jioni moja. Wa tano shangazi alilitafuta jina lake mpaka akachoka. Alijua kuwa alikuwa mweupe wa meno na mkali wa ulimi, jina likawa limekwenda. Nilimwachia mstari mtupu.

Hapo ndipo nilipofahamu uzito wa kadhia yenyewe. Ningekwenda miaka kumi nyuma, pengine ningempata na huyo wa tano. Nikichelewa mwaka mmoja zaidi, pengine nitawakosa wote. Katika kila nyumba ya pwani yuko shangazi wa namna hii, amekaa kitandani kwake akingoja aulizwe. Msomaji, usingoje kama nilivyongoja mimi.

Nikarudi nyumbani, nikawa nataka kuyabana majina yale pembezoni mwa ukurasa wa zamani. Mjukuu wangu akanishika mkono: "Babu, si uanze ukurasa mpya?" Nikaanza ukurasa mpya, na wa kwanza kuandikwa alikuwa mamangu.

Siku ya pili nikaenda barazani. Kahawa ilipozunguka nikamwambia mzee wetu: "Kabla ya Wazungu, kabla ya Wareno, kabla ya Shehe Mvita, mji huu ulikuwa wa Mwana Mkisi." Akanitazama kitambo. "Mwana Mkisi," akasema. "Huyo bibi yangu alikuwa akinihadithia tukilala." Kisha akauliza yule mama wa udiwani ana rai gani juu ya maji ya bomba, na mazungumzo yakaendelea mpaka adhana ya magharibi.

Ubeti huu mmoja niliuandika usiku ule, nami naufungia nao:

Kalamu na iandike, iliyofuta zamani,
Bibi zetu tuwaweke, mahali pao chuoni,
Mwana asihangaike, kuuliza huyu nani,
Mti una shina lake, na mizizi aridhini.